Kisu, Kichupa na Mbu: Historia ya Uvimbe wa Taya Kutoka Mulago Hadi Ifakara

Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy, mkuu wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel, alifungua maabara ndogo ya utafiti Ifakara, katika bonde la mto Kilombero. Alifika huko kwa mara ya kwanza mwaka 1949, akavutiwa na wingi wa wadudu waenezao maradhi: papasi, mbung'o na mbu. Mwaka huohuo wa 1957, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Ifakara, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa katika wodi ya watoto ya Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwenzake, Dk. Hugh Trowell, alitaka amtazame mtoto wa miaka 5 ambaye taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne: juu na chini, kulia na kushoto.

Geigy alikuwa akichunguza wadudu. Burkitt alikuwa na mtoto mbele yake na hakujua anaumwa nini. Baada ya miaka michache kazi za watu wa aina hizi mbili, wa wadudu na wa kisu, zilikuja kukutana, na aliyezikutanisha alikuwa mbu wa malaria. Mkutano huo ulibadili namna madaktari wa Afrika Mashariki wanavyoutazama uvimbe wa kinywa. Kabla yake, swali la kwanza lilikuwa: tuukate vipi? Baada yake, swali la kwanza likawa: huu ni uvimbe gani?

Sura moja, maradhi mengi

Mtu akivimba shavu au taya, jirani humwambia ni jino. Mara nyingi jirani husema kweli. Jino lililooza huua kiini chake, usaha hukusanyika kwenye mzizi, na shavu hufura. Lakini mzizi uliokufa ukikaa miezi na miaka bila kutibiwa, pembeni yake unaweza kuota kifuko chenye utando na maji ndani. Kifuko hicho hukua polepole bila maumivu, kikiula mfupa kutoka ndani, hadi ukuta wa taya unakuwa mwembamba na kubonyea kwa kidole kama ganda la yai. Vifuko vingine huota kuzunguka jino ambalo halikupata njia ya kutoka, hasa la mwisho nyuma. Huo ndio uvimbe wa maji, na tiba yake ni upasuaji usio mkubwa.

Upo uvimbe wa aina ya pili: nyama inayotokana na chembe zile zile zilizotengeneza meno tangu mtoto akiwa tumboni. Maarufu zaidi ni ameloblastoma. Haina haraka, haina homa, na kwa kawaida haisambai kwenye mapafu au ini. Hata hivyo hupenya ndani ya mfupa, na ikiachwa miaka kumi inaweza kukua mpaka mgonjwa ashindwe kufumba mdomo.

Kisha kuna saratani zenyewe. Ile ya watu wazima huanza mara nyingi kama kidonda kisichopona kwenye ulimi, ufizi au chini ya ulimi, na tumbaku ya kuvuta, ya kutafuna na ugoro vimo katika visababishi vyake vikubwa. Ile ya watoto huja kwa kasi ya kutisha. Na tangu ukimwi uingie Tanzania katika miaka ya 1980, kumekuwa na vinundu vya rangi ya zambarau vinavyoota kwenye kaakaa, dalili ya saratani iitwayo Kaposi.

Mgonjwa mmoja mmoja anapoingia mlangoni mwa zahanati ya kijiji, anachoonyesha ni shavu lililovimba tu.

Hospitali kando ya mto

Bonde la Kilombero limekaa kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Ni nchi ya mpunga, ya Wandamba, Wabena, Wapogoro na Wambunga, na katika masika maji ya mto hutanda juu ya mbuga nzima. Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walianzisha misheni ya Kwiro, Mahenge, mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa, na mwaka 1921 nafasi yao ikachukuliwa na Wakapuchini kutoka Uswisi, wakiwa pamoja na masista wa Baldegg. Masista hao ndio waliokuwa wauguzi, wakunga na watoa dawa wa vituo vya misheni.

Katika miaka ya 1940 akafika Ifakara daktari kutoka Austria, Karl Schöpf, na kwa miongo kadhaa aliijenga na kuiendesha Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Katika hospitali za misheni za wakati huo daktari mmoja alikuwa kila kitu: ndiye aliyezalisha kwa upasuaji, aliyepasua ngiri na mabusha, aliyeunga mifupa iliyovunjika, na aliyeng'oa meno. Mtaalamu wa upasuaji wa kinywa na taya hakuwapo.

Upasuaji wa kinywa una ugumu wake, na ugumu wenyewe ni pumzi. Mpasuaji na mtoa nusu kaputi wanagombania tundu moja. Damu ikimwagika kooni, mgonjwa aliyelala anaweza kuivuta mapafuni. Kwa sababu hiyo mpira wa hewa hupitishwa puani hadi kwenye bomba la pumzi, koo huzibwa kwa shashi, na mtu mmoja hasimami kwa kazi nyingine ila kulinda pumzi hiyo. Dunia ilichukua muda kufika hapo. Guillaume Dupuytren alikata sehemu ya taya la chini huko Paris mwaka 1812, mgonjwa akiwa macho. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa etha mbele ya umati wa madaktari ili John Collins Warren amkate uvimbe. Uvimbe huo, uliofungua zama mpya za upasuaji duniani kote, ulikuwa chini ya taya.

Kwa uvimbe wa maji, njia nzuri ilitoka kwa Carl Partsch wa Breslau. Mwaka 1892 alieleza jinsi ya kufungua dirisha kwenye kifuko, kutoa maji, na kuuacha utando uungane na ngozi ya mdomo. Kifuko kikishapoteza msukumo wa maji yake, mfupa huanza kujijaza wenyewe, na dirisha husafishwa na kuwekwa shashi hadi shimo lifunge. Mwaka 1910 alieleza njia ya pili: kuuvua utando wote kwa mara moja na kushona. Njia zote mbili zinatumika mpaka leo. Ya kwanza inafaa hasa pale kifuko kilipokuwa kikubwa mno na taya likawa hatarini kuvunjika, na inaweza kufanywa kwa ganzi tu, bila mashine kubwa, na mtu mwenye mkono uliofunzwa.

Gari kutoka Kampala

Turudi Mulago. Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911, na alipoteza jicho moja akiwa mtoto. Alikuwa mpasuaji wa jicho moja, basi, aliyeona kilichowapita wenye macho mawili. Wiki chache baada ya kumwona mtoto yule wa Mulago, alikuwa katika ziara ya wodi hospitali ya Jinja. Alipotupa jicho dirishani alimwona mtoto mwingine ameketi nje na mama yake, uso umevimba vilevile. Alitoka akawafuata. Mtoto alikuwa na uvimbe tumboni pia.

Mtoto mmoja ni ajabu, alifikiri, wawili ni ugonjwa. Alipekua majalada ya wagonjwa na kugundua kwamba watoto waliovimba taya mara nyingi walikuwa na uvimbe kwenye figo, ini au mahali pengine, na kwamba yote hayo yalikuwa yakiandikwa kwa majina tofauti. Mwaka 1958 alichapisha makala katika jarida la upasuaji la Uingereza akiueleza kama saratani ya taya za watoto wa Afrika. Miaka michache baadaye mtaalamu wa patholojia Gregory O'Conor, aliyekuwa Kampala, alionyesha kwamba chembe zake ni za limfoma, saratani ya chembe za kinga ya mwili. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Kama mpasuaji, Burkitt alikuwa na kisu, na kisu kilimshinda. Kukata taya la mtoto kulimharibu uso bila kumwokoa, kwani uvimbe ulikuwa tayari katika taya nyingine au tumboni. Tena unakua haraka kuliko karibu saratani nyingine yoyote ya binadamu: chembe zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kampala haikuwa na mashine ya mionzi.

Akaamua kutafuta mipaka ya ugonjwa wenyewe. Alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza: mmewahi kuona uvimbe kama huu? Kisha mnamo Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari lililokwishatumika, wakashuka kusini kupitia Tanganyika, ambayo ilikuwa imebakiza wiki chache kupata uhuru, hadi Afrika ya kusini. Walisafiri wiki 10, karibu kilomita 16,000, wakatembelea hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika waliuliza swali lilelile na kuonyesha picha zilezile.

Ramani iliyotokea ilikuwa na mpaka ulio wazi. Uvimbe ule haukuwako kwenye nyanda za juu zenye baridi. Karibu na ikweta ulikoma kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500. Ulipenda joto na mvua. Ifakara iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, hupata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na joto lake halishuki sana hata Julai. Bonde lote la Kilombero limo ndani ya mpaka wa Burkitt.

Virusi vilivyopanda ndege

Kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt akiwa likizoni London, alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex. Mmoja wa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Kabla ya mkutano kwisha alikwishaamini kwamba ugonjwa unaofuata joto na mvua lazima uwe na kiumbe anayeueneza. Wakakubaliana: vipande vya uvimbe vitoke Kampala kwa ndege hadi maabara yake.

Kwa miaka karibu 3 hakupata kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu kutua London, ikapelekwa Manchester, na kilipofika maabara maji ya kichupa yalikuwa yametibuka. Badala ya kuyamwaga kama yaliyoharibika, Epstein aliyatazama kwa hadubini akakuta chembe hai zikielea. Kutokana nazo alipata kuzikuza chembe za uvimbe huo maabara, na Februari 1964 akaviona virusi ndani yake. Yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza matokeo Machi mwaka huo. Virusi hivyo leo vinaitwa Epstein-Barr, na ndivyo vya kwanza kabisa kufungamanishwa na saratani ya binadamu.

Lakini virusi hivyo viko mwilini mwa karibu kila mtu mzima duniani. Kwa nini basi watoto wa nchi za joto tu ndio walivimba taya? Gilbert Dalldorf, aliyefanya kazi Kenya, alielekeza kidole kwa malaria. Burkitt naye aliliunga mkono wazo hilo, na mwaka 1969 aliandika kulitetea. Ushahidi mmoja ulitoka kwetu: Unguja na Pemba, ambako kampeni kali ilikuwa imeiangusha malaria, ugonjwa huo ulikuwa nadra sana, ilhali bara ulionekana. Maelezo yanayokubalika leo ni kwamba mtoto anayeugua malaria tena na tena hulazimika kuzalisha chembe za kinga kwa wingi mno, na kinga yake dhidi ya virusi hulegea. Katika wingi huo chembe moja yenye virusi ikikosea kujigawa, saratani huanza.

Dawa nayo ilipatikana upesi. Joseph Burchenal wa New York alifika Mulago na kuhimiza majaribio ya dawa za saratani za wakati huo, methotreksati na baadaye siklofosfamidi. Taya lililofura mpaka jicho likafumba lilinywea ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa kwa dozi chache tu. Peter Clifford aliona mambo hayohayo Nairobi. Mwaka 1967 Kampala ikafungua kituo cha kutibu limfoma ambacho ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kwa uvimbe wa taya wa mtoto, kazi ya kisu ikabaki ndogo kabisa: kukata kinyama cha kupima.

Kichupa cha fomalini

Kinyama hicho ndicho nguzo ya historia yote hii. Daktari hukata kipande kidogo, hukitia katika kichupa chenye fomalini, huandika jina, umri, kijiji na mahali pa uvimbe, kisha hukituma. Katika miaka ya 1960 Profesa Michael Hutt wa Makerere aliandaa utaratibu wa hospitali za mbali kutuma vinyama bila malipo na kurudishiwa majibu. Dar es Salaam nayo ilikuwa na maabara ya patholojia iliyopokea vichupa kutoka mikoani.

Kutokana na vichupa vya namna hiyo, Slavin na Cameron waliweza mwaka 1969 kuchapisha habari za wagonjwa 56 wa ameloblastoma kutoka Tanzania na Uganda. Kazi yao iliondoa dhana kwamba uvimbe huo ni adimu huku kwetu. Ulikuwepo, aliyekosekana ni mtu wa kuutaja. Na wagonjwa walifika wakiwa wamechelewa, uvimbe umekwisha kuwa mkubwa.

Ameloblastoma iliwafundisha wapasuaji somo lililo kinyume kabisa na la Burkitt. Hapa dawa hazikusaidia na kisu ndicho tiba, ila lazima kikate kwa upana. Mpasuaji anayeukwangua uvimbe na kuacha mfupa unaoonekana mzima huacha chembe ndani ya vitundu vya mfupa huo, na baada ya miaka mitano au kumi uvimbe hurudi. Hivyo hukatwa pamoja na sentimita moja au mbili za mfupa mzima kila upande. Mgonjwa anaweza kupoteza nusu ya taya. Sehemu ya mbele ya taya ikiondolewa, ulimi hukosa pa kujishikiza na unaweza kurudi nyuma na kuziba pumzi. Muuguzi wa zamu ya usiku anayejua jambo hilo ni wa thamani sawa na mpasuaji.

Tanzania ilianza kufundisha madaktari wa meno wake yenyewe Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979. Kutoka hapo kilikua kizazi cha wapasuaji wa kinywa na taya. Dk. Elison Simon na wenzake wa Muhimbili, akiwemo mtaalamu wa patholojia ya kinywa Edda Vuhahula, walishirikiana na Waholanzi Matthias Merkx na Paul Stoelinga kuwafuatilia kwa miaka 4 wagonjwa wenye uvimbe unaotokana na chembe za meno, ameloblastoma ikiwemo, na mwaka 2005 wakachapisha matokeo. Waliandika pia kuhusu kurudisha taya lililokatwa: sahani ya titani hufungwa kwa skurubu kushika pande mbili za mfupa uliobaki, kisha kipande cha mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe hupandikizwa katikati. Mtu aliyekuwa akila uji kwa kijiko huweza tena kutafuna.

Hata wataalamu wakubwa wameyumba juu ya mipaka ya maradhi haya. Upo uvimbe wa maji wenye utando mgumu uliotambuliwa na Philipsen mwaka 1956, ambao una tabia ya kurudi baada ya kutolewa. Stoelinga alijulikana kwa kutibu shimo lake kwa dawa ya Carnoy inayoua chembe zilizosalia. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliuhamisha kutoka kundi la vifuko hadi kundi la uvimbe wa nyama. Mwaka 2017 likaurudisha. Na mwaka 2014 watafiti waligundua kwamba ameloblastoma nyingi zina kasoro katika jeni moja iitwayo BRAF, kasoro ileile inayopatikana katika saratani moja ya ngozi na ambayo tayari ina vidonge vyake. Uvimbe uliosemwa hausikii dawa umeanza kupatiwa dawa.

Bonde linajifunza

Ifakara haikuwa mtazamaji tu katika historia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa fedha za mfuko ulioanzishwa na kampuni za kemikali na dawa za Basel, kilijengwa hapo kituo cha kufundisha waganga wa vijijini. Kituo hicho kilibadilika mara kadhaa na kuja kufundisha matabibu na madaktari wasaidizi, wale ambao katika wilaya nyingi za Tanzania ndio waliobeba mzigo mkubwa wa upasuaji. Mwaka 2010 kikafuata chuo kikuu kishiriki cha tiba cha Mtakatifu Fransisko. Maabara ya Geigy nayo ilikua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, yenye jina duniani katika utafiti wa malaria.

Malaria ilikuwa kali mno. Katika kijiji cha Namawala, watafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikadiria kwamba mtu mmoja huumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Mwaka 1997 mradi wa KINET ulianza kuuza vyandarua vilivyotiwa dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa bei nafuu, kupitia maduka na watu wa vijijini wenyewe, chini ya jina Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua hivyo viliongeza uhai wa watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4 kwa asilimia 27. Utafiti huo uliisaidia Tanzania kuandaa mpango wa vyandarua wa nchi nzima.

Je, chandarua kinaweza kuzuia uvimbe wa taya? Katika Mara Kaskazini, kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, watoto waligawiwa klorokwini ili ionekane kama limfoma ya Burkitt itapungua. Ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kushuka kabla ya dawa kutolewa, na vimelea vikawa sugu kwa klorokwini, hivyo hukumu haikutoka. Hata hivyo uhusiano wa malaria na saratani hiyo umethibitishwa kwa njia nyingine nyingi. Mama wa Kilombero anayemlaza mwanawe ndani ya chandarua anamkinga na homa ya usiku huo, na anamwondoa pia katika njia inayoelekea saratani ya taya.

Malaria inaingia katika simulizi hii kwa mlango mwingine wenye uchungu. Katika miaka ya 1980 ilienea sehemu mbalimbali za Tanzania imani ya meno ya nailoni, au meno ya plastiki. Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, fizi zake huchunguzwa, na pale chonge linapojiandaa kuota huonekana kivimbe cheupe. Kivimbe hicho hulaumiwa kwa homa, kikakatwa kwa kisu, msumari au kipande cha spoku ya baiskeli. Kinachong'olewa ni jino changa, na mara nyingine chipukizi la jino la ukubwani pia. Watoto wamevuja damu nyingi, wamepata maambukizi, na wengine wamekufa kwa malaria au kuharisha ambako hakukutibiwa. Huo ni upasuaji wa uvimbe ambao si uvimbe.

Na Kaposi ya kaakaa? Ifakara ilifungua kliniki ya ukimwi katikati ya miaka ya 2000, miongoni mwa za kwanza kwa maeneo ya vijijini. Vinundu vya zambarau kinywani hutibiwa kwa dawa za kufubaza virusi, na ikihitajika dawa za saratani. Hapo pia kisu hungoja.

Safari ya mgonjwa

Kwa miaka mingi mgonjwa wa ng'ambo ya mto alikuwa na vizuizi viwili kabla ya kumwona daktari: kivuko cha Kilombero na matope. Mwanzoni mwa 2016 kivuko kilizama. Mwaka 2018 daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa, na watu wa Ulanga na Malinyi wakaanza kuvuka usiku na mchana, masika na kiangazi. Upande wa pili ipo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inayoiunganisha Ifakara na Dar es Salaam.

Dar es Salaam ndiko kuliko na wapasuaji wa taya wa Muhimbili, Taasisi ya Saratani Ocean Road yenye mashine za mionzi, na wodi ya saratani ya watoto ya Muhimbili inayosaidiwa na shirika la Tumaini la Maisha. Kwa mtoto mwenye limfoma ya Burkitt, ambaye uvimbe wake unaongezeka kila kunapokucha, kuchelewa wiki mbili kwa sababu ya nauli ni jambo kubwa kuliko ubora wa dawa yoyote iliyoko huko. Kwa mwenye ameloblastoma, mwaka mmoja wa kungoja hugeuza upasuaji wa saa mbili kuwa wa saa nane.

Zahanati haina haja ya mashine kubwa ili kuanza vizuri. Tabibu aliyefunzwa hugusa uvimbe, huuliza umeanza lini, hutazama meno kama yanalegea, na hulinganisha kasi: siku, miezi au miaka. Hospitali ikichoma sindano na kuvuta maji ya manjano, huenda ni kifuko. Ikivuta damu tupu, husimama na kumpeleka mgonjwa mbele. Isipovuta kitu, ni nyama, na kichupa kinahitajika.

Kwa hiyo msomaji, ukiwa na uvimbe wa taya usioisha, au kidonda cha mdomo ambacho wiki 2 zimepita hakijapona, au ukimwona mtoto ambaye meno yake yanalegea kabla ya umri na shavu linakua, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Usikubali mtu aukate uvimbe kabla ya kujua ni nini. Ukishakatwa kinyama, uliza kimepelekwa maabara gani, andika tarehe ya majibu, na rudi kuyachukua hata kama umejisikia nafuu.